Mgeni Niliyempeleka kwa Mama Mdogo

Rafiki yangu aliponipigia simu kuuliza mgeni anayekuja Homa Bay atembee wapi, nilimjibu kama mtu aliyekuwa akingoja kuulizwa. Nilikuwa kazini, kwenye duka la dawa pale Suna, Migori, nikipanga chupa za dawa ya kikohozi. Niliziacha nikaegemea kaunta. Nilimwambia asije wakati gugu maji limeziba ghuba, maana atadhani ameletwa kutazama shamba la majani. Aulize kwanza upepo umelisukuma upande gani. Apande Got Asego asubuhi, kabla mawe hayajashika joto, akae kule juu autazame mji ukiamka. Samaki asile hotelini. Ateremke ufuoni boti zinapoingia, achague ngege mwenyewe, afunue shavu lake aone kama ndani bado ni pekundu, kisha ampe mama mmoja wa pale amkaangie. Aombe ugali wa mtama na muhogo, asikubali kuletewa chapati kwa sababu tu ametoka Nairobi.

"Pole pole," alisema akicheka. "Nitakuja unipeleke mwenyewe."

Nilifurahi. Tulikuwa tumesoma pamoja chuo Kisumu, tukilala chumba kimoja na kugawana godoro moja lake lilipolowa. Nilipougua malaria alinipikia uji na kuninywesha kwa kijiko. Mama yangu alipofariki alisafiri kutoka Nairobi hadi Migori, na badala ya kuketi hemani na wageni alikwenda nyuma ya nyumba akasugua sufuria na akina mama wa kwetu. Hakuna mtu aliyemsahau kwa hilo. Kwa hiyo alipoanza kazi yake ya kusafiri na kutengeneza video za kuonyesha watu pa kutembea, nilikuwa wa kwanza kumsifia. Nilikuwa nikizionyesha kwa wateja dukani. Huyu ni rafiki yangu, nilikuwa nikisema.

Alifika na gari dogo la kukodi, tukapita Rongo, tukakata Rodi Kopany, tukateremka Homa Bay. Nilimpeleka kote nilikomwahidi. Tulipanda Asego, akarekodi ziwa likiwa na rangi ya bati jipya. Tulikula samaki ufuoni. Tulikwenda Simbi Nyaima, lile ziwa dogo la mviringo ambapo wenyeji husema palikuwa na kijiji kilichozama kwa kumnyima mgeni malazi, na kwa bahati flamingo walikuwepo. Niliona ni safari nzuri. Lakini jioni alikuwa akipitia alichorekodi na uso ukiwa umemkunjamana.

"Vyote hivi watu wameshavionyesha," alisema. "Nataka kitu ambacho hakuna aliyewahi kukiona."

Nilimwambia sina zaidi ya hivyo, ila kama amechoka na hoteli tunaweza kwenda kulala kwa mama mdogo. Nilisema hivyo kwa ajili ya kupumzika tu. Sikuwa nikimpa mahali pa kurekodi.

Mama mdogo ni dada wa mama yangu. Anaishi ukingoni mwa ziwa, kwenye barabara ya kuelekea Mbita, na zaidi ya hapo sitaeleza. Nilipokuwa msichana nilipelekwa kwake kila likizo. Ndiye aliyenifundisha kuanika omena, wale dagaa wa ziwani, bila kuchanganya na mchanga. Baada ya mama kufariki nikawa nakwenda kwake kama mtu anayekwenda kwao.

Mume wake alikuwa mvuvi. Alikuwa akifanyia kazi Remba, kile kisiwa kilichojaa mabati na watu, akirudi nyumbani kila baada ya majuma kadhaa na samaki wa mbuta na hadithi. Safari moja ya kurudi dhoruba ikapindua boti yao. Wenzake walipatikana, wengine hai na wengine la. Yeye hakupatikana. Kwetu Waluo mtu akipotea majini na mwili wake usionekane, ukoo hauwezi kumwacha bila kaburi. Hutafutwa tunda la yago, lile refu zito linaloning'inia mtini kama kigogo, nalo huzikwa mahali pake. Mashemeji walifanya hivyo. Mama mdogo alikaa kwenye mazishi yale, akanyoa nywele, akatimiza kila kitu. Ila tangu hapo, kila asubuhi anapokwenda kuteka maji, husimama kidogo na kuongea.

Haliiti ziwa. Haombi kitu. Anampa mumewe habari za nyumbani, kama mke anavyomweleza mume aliyerudi kutoka safari: ng'ombe yupi amezaa, nani anaumwa, bati lipi linavuja. Sisi wa nyumbani tulijua, na hakuna aliyewahi kulizungumza.

Tulipofika alitupokea kwa Kiswahili chake cha sokoni, kwa sababu ya mgeni. "Karibu. Wewe weka hiyo mzigo hapa, keti. Hii nyumba ni yako." Rafiki yangu hakuketi. Alifunga leso kiunoni, akachukua kisu akaanza kuparua samaki naye, magamba yakimrukia hadi kwenye nyusi. Mama mdogo alicheka mpaka akakohoa. Wakati wa kula alimmegea minofu ya tumboni, ile laini, akamwekea kwenye sahani kwa mkono wake mwenyewe. Mimi, niliyelelewa pale, sikuwahi kupewa sehemu ile kukiwa na mtu mwingine mezani. Sikuona wivu. Niliona nimeleta mtu wa kufaa.

Asubuhi niliamka nikamkuta rafiki yangu amesimama mlangoni, simu mkononi. Kule chini mama mdogo alikuwa ndani ya maji hadi kwenye mashavu ya miguu, ndoo ikielea kando yake, akiongea kwa Kiluo. Hewa ilikuwa tulivu na sauti ilitufikia vizuri. Alikuwa akisema mbuzi amekata kamba tena na kula mboga za sukuma za jirani. Alikuwa akisema mtoto wa dada yake amekuja, tena amekuja na rafiki yake, msichana mzuri, anajua kuparua samaki ingawa ametoka Nairobi.

"Anaongea na nani?" rafiki yangu aliniuliza.

Nilimweleza. Nilimweleza kwa sababu alikuwa amelala katika nyumba ile na kula pale, na kwa sababu alikuwa amesugua sufuria kwenye mazishi ya mama yangu. Kisha nikamwambia, "Usirekodi hili. Mahali pengine popote, lakini si hapa."

Alinitazama machoni. "Dada, mimi siwezi kufanya kitu kama hicho. Naapa." Akaitia simu mfukoni.

Tulipoondoka mama mdogo alimpa omena waliokauka ndani ya mfuko wa karatasi, akamwambia asikae sana bila kurudi.

Majuma kadhaa yakapita. Siku moja dukani alikuja mteja mmoja, kijana wa bodaboda anayenunua kwetu dawa za mgongo, akiwa anacheka peke yake na simu yake. "Sista, wewe ni mtu wa ziwa," alisema. "Umeona huyu mama?" Akanigeuzia kioo.

Ilikuwa video ya rafiki yangu, mahali pa kutembelea Homa Bay. Kulikuwa na Asego. Kulikuwa na ngege, na sauti yake ikiwaambia watu wafunue shavu la samaki waone kama ndani bado ni pekundu. Yalikuwa maneno yangu, na hilo peke yake lisingeniuma. Halafu ukaja mwisho, aliouita kitu ambacho hutakiona popote pengine. Mama mdogo alikuwa ndani ya maji, amechukuliwa kutoka mbali kidogo, sketi yake imeshikwa kwa mkono mmoja. Sauti yake haikusikika. Badala yake kulikuwa na filimbi ya huzuni, na chini ya picha maandishi yakipita: Ewe ziwa, nirudishie mume wangu. Ewe ziwa, nimekuletea machozi yangu.

Halafu maelekezo. Soko la kushukia, njia ya kuingia, rangi ya geti. Fika kabla jua halijapanda, alisema kwa sauti ile ya upole ambayo alinisemesha nayo nilipokuwa mgonjwa. Usimsemeshe. Mtazame tu.

Nilimrudishia kijana simu yake na kumpa dawa tofauti na aliyoitaka, ikabidi anirudishie. Alipokwisha kuondoka nikaingia chumba cha nyuma nikapiga simu.

"Uliniapia," nilimwambia.

"Niliapa sitarekodi," alisema. Hakushtuka, nadhani alikuwa ameshaandaa jibu. "Hiyo nilikuwa nimesharekodi kabla hujanikataza."

Akaendelea kwamba hakumtaja jina, kwamba watu wamempenda sana, kwamba kuna mwanamke aliyemwandikia kusema amelia.

"Na yale maneno uliyoandika? Wewe hujui Kiluo."

"Niliandika hisia zake."

"Toa ile video."

"Nipe muda nifikirie," alisema, kama mtu aliyeombwa kukodisha kitu.

Nilisubiri siku yangu ya mapumziko nikaenda kwa mama mdogo. Nilipokaribia geti niliona pikipiki mbili zimeegeshwa chini ya mti, madereva wakiongea. Nikateremka hadi majini. Vijana wanne wenye mabegi mgongoni, wasichana wawili na wavulana wawili, walikuwa wameketi kwenye majani kama watu wanaongoja mechi ianze. Mmoja wao aliniuliza kwa adabu kabisa kama namfahamu yule mama, na kama leo atatoka, maana wamemsubiri tangu alfajiri.

Niliwaambia hapa ni nyumbani kwa mtu. Walisimama, wakaomba radhi, na kwa kweli walionekana kuwa na haya. Msichana mmoja alisema, "Kwenye video walisema panaruhusiwa."

Mama mdogo alikuwa jikoni amefunga mlango. Ndoo zilikuwa tupu. Hakuwa amechota maji tangu jana yake, akawa anatumia ya mvua yaliyobaki kwenye pipa. Alinifungulia, akarudi kuketi kwenye kigoda chake, na hakunisalimia.

"Ulijua?" aliniuliza kwa Kiluo.

"Sikujua, mama."

"Ni wewe uliyemwambia ninaongea na nani pale?"

Nilisema ni mimi. Nilisema aliniuliza, nikamweleza, nikamkataza kurekodi, akaapa. Aliyasikiliza yote. Alikuwa akichambua punje za wimbi kwenye ungo na vidole vyake havikusimama hata mara moja.

"Yule mtoto nilimpa nyama ya tumbo la samaki," alisema mwishoni. "Nilimwekea mwenyewe."

Kisha akanieleza yaliyobaki, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba wale vijana walikuwa sehemu ndogo. Video ilikuwa imefika kanisani. Alikuwa akianzisha nyimbo katika kikundi cha akina mama tangu mimi nikiwa shule ya msingi. Sauti yake ndiyo iliyokuwa ikifungua ibada. Wenzake walikuja nyumbani wakiwa kundi zima, wakaketi sebuleni na simu ya mmoja wao, wakamwonyesha yale maandishi, wakamuuliza tangu lini anaomba kwa ziwa.

"Uliwajibu nini?"

"Niliwaambia siombi ziwa. Wakaniuliza, sasa unasema nini pale?" Alipepeta ungo, makapi yakaruka. "Nyathina, mwanangu, niwaambie nini? Niwaambie ninamsimulia mume wangu habari za mbuzi?"

Walimwambia apumzike kidogo kuongoza nyimbo, mpaka mambo yatulie. Waliomba naye kabla ya kuondoka, na mmoja aliweka mkono kichwani mwake akaamuru pepo wa majini watoke. Mwanamke yule alikuwa jirani yake. Walikuwa wameanika omena pamoja miaka yote.

Nilipokuwa nikirudi Migori nikapata wazo ambalo lilinipa moyo. Wale akina mama wote ni Waluo. Kama wangesikia sauti yenyewe, bila filimbi, wangemsikia akizungumza juu ya kamba ya mbuzi na sukuma ya jirani, basi, na mambo yangekwisha. Na sauti ile ilikuwepo. Ilikuwa kwa rafiki yangu.

Nilimpigia tena. Safari hii sikumgombeza. Nilimweleza kuhusu kanisa, kuhusu mkono kichwani, kuhusu ndoo tupu. Nilimwambia sihitaji kingine chochote kutoka kwake, anitumie tu ile aliyorekodi kama ilivyo, na sauti yake.

"Nikikutumia, utawaonyesha watu," alisema.

"Ndiyo maana naiomba."

"Watasema nilidanganya. Wataiweka kila mahali. Dada, hii ndiyo kazi yangu, sina nyingine."

"Unajua alikuwa anasema nini asubuhi ile?" nilimuuliza. "Alikuwa anamwambia mumewe habari zako. Kwamba nimekuja na rafiki, msichana mzuri, anajua kuparua samaki."

Nilisikia gari likipiga honi mahali alipokuwa. Nilidhani sasa amenielewa, na nikangoja.

"Pole sana," alisema. "Mwambie pole. Lakini nimeshaifuta ile ya mwanzo. Sinayo."

Alikuwa ametoka kusema akinitumia nitawaonyesha watu. Sasa alikuwa akisema hana. Nilikata simu. Katika mambo yote, nafikiri ni jambo hili ninalolirudia akilini zaidi kuliko lile la kurekodi. Kurekodi naweza kumtolea mtu udhuru. Aliona kitu kizuri asubuhi, mkono ukatangulia akili. Lakini siku ile alijua kila kitu. Alikuwa na uwezo wa kumrudishia mwanamke sauti yake, akapima, akaiweka kando.

Nilikwenda mwenyewe kwa mwenyekiti wa akina mama wa kanisa. Alinikaribisha chai, akanisikiliza bila kunikatiza. Nilimwambia niliyoyasikia kwa masikio yangu asubuhi ile. "Sisi hatujamfukuza," alisema. "Na mimi nakuamini, binti yangu. Lakini wewe ndiye uliyemleta yule mgeni. Nikiwaambia wengine ni wewe umesema, unafikiri watanijibu nini?" Nilikunywa chai ikaisha.

Video iliondolewa baadaye, watu walipokuwa wameshaichoka. Vipande vyake bado vinazunguka, vingine vimewekewa muziki mwingine, vingine mzaha. Rafiki yangu alinitumia ujumbe mrefu wa sauti akilia. Niliusikiliza mpaka mwisho, na nikaona kwamba sehemu kubwa alikuwa akizungumza juu ya jinsi jambo hili lilivyomuumiza yeye. Sikujibu. Sikukuu hunitumia salamu, nazo sizijibu. Bado anasafiri, anaonyesha watu miji mingine yenye maji. Wateja wakinionyesha, huwaambia sina muda.

Wageni walipungua, kisha wakakoma. Kanisani walimrudisha mama mdogo kwenye kuanzisha nyimbo, wakaja kumwambia wenyewe, na yule jirani akaleta kuku. Alimpokea kuku. Nyimbo alizikataa. Huketi nyuma sasa, karibu na mlango, na watu waliozoea sauti yake ikitangulia huanza kila mmoja kwa kasi yake.

Upande wa ziwa alipanda ua wa minyaa, akauacha ukue mpaka ukamfunika mtu. Maji huyateka mchana, pamoja na wanawake wengine, wakipiga gumzo. Nilimtazama akifanya hivyo mara nyingi kabla sijapata ujasiri wa kuuliza. Tulikuwa tumeketi uani tukitoa vichwa vya omena, jua limetupiga mgongoni.

"Mama," nilisema, "habari za nyumbani bado unampa?"

Hakukasirika. Alimaliza aliokuwa nao mkononi, akapangusa magamba kwenye sketi.

"Ninampa," alisema.

"Wapi?"

Alinitazama kwa muda, bila chuki, kama anavyomtazama mteja sokoni anayeuliza bei bila kununua.

"Hayo si yako tena, nyathina," alisema, akanisogezea beseni ili niendelee na kazi.